Ampli ya Bafle za Josaphat

Zimeni ile radio ya inje, mukae. Gaspard, acha kusimama mulangoni kama mutu aliyekuja kuomba kiberiti. Elisabeth, sogea karibu, juu sauti yangu haifiki mbali leo. Na weye shemeji Honoré, mudogo wa bwana yangu, bakia kwenye kiti chako na ufunge kinywa, kwani uliongea ya kutosha siku ya kugawanya. Nilitaka kufa kimya, lakini mumeniharibia kifo changu, basi musikilize, nitasema mara moja tu, na mutu akinikata maneno nitageukia ukuta, mubaki munagawana kama vipofu.

Kwanza bafle. Zile spika mbili za salonini, ndefu kama milango, ambazo Kaswera, muke wa Gaspard, amekuwa akianikia soksi za watoto miaka hii yote akifikiri mimi sioni. Zilikuwa za Mugiriki mununuzi wa kahawa, ambaye baba yenu Josaphat alikuwa shofa wa gari lake. Siku Mugiriki alipopanda ndege bila kurudi, alimwachia Josaphat bafle, ampli yake ya kuzipa nguvu, na santuri. Mashofa wengine waliachiwa magari. Siye tuliachiwa milango inayoimba.

Nilizichukia. Siku ya kukimbia vita, lori ya kwenda Mahagi ilikuwa imejaa watu hadi juu ya kabini, kumebaki kanafasi kadogo, na baba yenu akapandisha bafle zake, amezifunga ndani ya godoro letu, kisha akaniambia: «Faida, sherehani yako tutairudilia.» Sherehani yangu! Ile iliyowavalisha ninyi wote na nusu ya watu wa kartie! Tuliporudi, mahali pake kuku wa watu wengine walikuwa wamelala juu ya mayai. Na tangu hapo, kila Josaphat alipoketi mbele ya bafle zake akafumba macho kama mutu anayepokea sakramenti, mimi nilikuwa nyuma yake nashona kwa mukono, na nilikuwa nasikia pia, kila uzi wa gitaa, hata mate katika kinywa cha muimbaji. Musiniulize kama sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa imekalia kiti cha sherehani yangu. Ingekuwa mbaya, ningezipasua na shoka.

Basi Josaphat akafa, na ampli ya Mugiriki ikamufuata hata mwaka haujaisha, kama muke mwaminifu kunishinda mimi. Hapo ndipo balaa iliingia. Kabla ya kufa alikuwa amesema neno, na mulilisikia wote: «Hizi bafle zinataka ampli ya lampe.» Hakuongeza kitu. Gaspard, kifungua mimba wangu, mwenye diplome, ulipanda pikipiki mpaka Aru, ukarudi na ampli ya lampe. Lampe ilikuwa nazo kweli! Nyekundu, kijani, buluu, zinakimbizana kama gari ya polisi. Na mimi pia nilipiga makofi, siye wote tulisema Gaspard ametimiza neno la baba. Nani kati yetu alijua kwamba lampe alizosema ni vile vichupa vya kioo vya ndani, vinavyowaka pole kama makaa, na ndivyo vinavyobeba sauti? Siku ya kuondoa matanga, mbele ya mapasta na wakwe, ukaiwasha. Ikaimba nusu ya wimbo, mataa yakacheza, halafu moshi.

Na weye Elisabeth ukacheka. Ulisema kwa sauti, wakwe wanasikia: «Kaka Gaspard ametuletea Noeli!» Tangu siku hiyo hamujasalimiana. Munakaa ndani ya lupango moja, geti moja, munachota kwenye bomba moja, na munatumana watoto kuombana chumvi. Nimewazaa kwa uchungu, sikujua kwamba uchungu wenyewe ulikuwa bado uko njiani.

Gaspard, badala ya kusema umekosea, ulisema bafle ndizo mbovu, takataka za Muzungu, ukaenda kumuleta mwenye baa ya kule kwenye machimbo ya dhahabu aje azitazame. Bafle hizi, kwenye baa! Ndani yake hakuna ile karatasi ya muviringo inayorukaruka kama kwenye bafle za kanisa. Iko nailoni tu, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, imetandikwa katikati ya nyavu mbili za chuma, umeme unaivuta huku na huku. Vumbi la Bunia peke yake linaitesa. Mulevi mumoja akiiegemea, kwisha.

Halafu wakubwa wa familia mukakaa, mukakunywa bia yangu, na Honoré akakata shauri: bafle moja kwa Gaspard, moja kwa Elisabeth, ili haki ionekane. Haki gani? Ulifikiri ni ng'ombe wawili? Moja inabeba gitaa, nyingine inabeba ngoma, na muimbaji anasimama katikati, pale ambapo hakuna kitu. Mukizitenganisha, kila mutu atabaki na nusu ya bendi, na muimbaji atakuwa hana kwao. Usinikunjie uso, shemeji. Hata mashamba ya ndugu zako uliyagawanya hivyo hivyo, ndiyo maana Pasaka unaikula peke yako.

Nipe maji. Asante, Kaswera. Mukono wako ni muzuri, kosa ni soksi zako tu.

Nilimwita Dady, fundi wa radio wa sokoni, akaja akazipima. Akasema ni nzima, hazina kosa, lakini ni wageni wagumu kulisha: sauti zikipanda juu, za violoni na za wanawake wenye koo nyembamba, zinakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka safarini, na ampli dhaifu inajikaza, inapata joto, inaungua. «Mama,» akaniambia, «ile ya Gaspard haikuwa mbovu. Ni ya kuchezesha harusi, muliipa kazi isiyo yake.» Umesikia, Elisabeth? Kaka yako hakuwa mujinga kukushinda. Weye ulikuwa na bahati tu, hukutumwa Aru.

Dady akaniambia nichague kati ya mbili. Moja ni ya lampe za kweli, kama ile ya baba yenu, angeiagiza Kampala, na anasema ni tamu mpaka mutu anasahau kula. Elisabeth anataka hiyo, kwa heshima ya baba. Nyingine haina kichupa hata kimoja, ni chuma na mabawa ya kutoa joto, na bafle zikinywa namna gani, haitetemeki. Gaspard anataka hiyo, juu tu dada yake anataka ile. Nikamuuliza Dady: kichupa kikipasuka hapa Bunia, tutakiokota wapi? Akajikuna kichwa. Na umeme ukipanda na kushuka kama unavyofanya kila mvua inaponyesha? Akajikuna tena. Nimechagua ya chuma. Iko pale kwenye kona, chini ya kitenge. Josaphat akasirike huko aliko. Alichagua cha kupanda lori, mimi nachagua ampli.

Sasa mushike haya. Nyumba hii ni ya Elisabeth, juu bafle zinataka salon pana, zinataka kusimama mbali na ukuta, na kwa Gaspard viti vimejaa mpaka mulangoni. Bafle hazitoki hapa, wala moja, wala mbili. Gaspard, ng'ombe wa kule kilimani ni wako wote, na nyumba ya nyuma ni yako, usihame. Kwenye kilio changu musiziwashe, hazina kifua cha kushindana na watu wanaolia kwa kujionyesha. Ombeni sono ya kanisa, vile vyombo vyao vya kelele.

Mapafu yangu... ngojeni.

Muji huu una wezi. Ile ampli haitalala salonini. Kila jioni itaingizwa chumbani, kila asubuhi itarudishwa. Wakati Dady na mwenzake waliileta, walipumzika njiani kutoka geti mpaka hapa, wanaume wawili, wanahema kama wamebeba maiti. Elisabeth hataweza peke yake. Gaspard, na mugongo wako huo, nawe hutaweza peke yako. Watoto nimewakataza kuigusa, na fundi hatakuja kila jioni. Ni juu ya hiyo nimeichagua, mambo ya vichupa nilimuambia Dady tu ili asinione kichaa. Mutashika, mumoja huku, mumoja kule, na lazima muhesabu pamoja kabla ya kuinua, kama sivyo itawavunja vidole. Hamutaki kusalimiana, musisalimiane. Lakini mutahesabu.

Mungu awape migongo. Awape... wajukuu wenye masikio. Sina baraka nyingine, hizo ndizo zimebaki.

Giza linaingia. Gaspard, toa kitenge. Elisabeth, shika upande wa dirisha. Inameni kwa magoti, musiiname kwa kiuno... Hivyo. Sasa hesabuni. Kwa nguvu, nisikie.