Night Otim na Wajomba Zake

Ndugu waombolezaji, jambo la mwisho la kawaida alilolifanya mke wangu lilikuwa kupiga simu, Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, akiwa ameketi barazani kwetu Mpumudde na sahani ya njugu mapajani, akimwambia kijana anayeitwa Bruhan, "Mjomba, kesho kortini uje na viatu vya kufunga, siyo ndala, na shati vaa lolote unalotaka, ila la njano usivae." Bruhan si mjomba wetu, ana umri wa miaka ishirini na sita, na wengi mliomfahamu Night mnajua kwa nini alimwita hivyo, lakini wapo wasiojua, na kwa ajili yao naanza mwanzo.

Marehemu Night Gorreti Otim Kirunda alizaliwa usiku wa tarehe 3 Machi 1974, katika kambi ya askari magereza, Mbale, na jina la Night alilipata kwa sababu hiyo. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Afande Ignatius Otim, askari magereza Mwacholi, na Mama Nandutu, Mugisu wa hapo hapo Mbale, ambaye yuko nasi leo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, kikawa lugha yake ya kwanza, na baadaye lugha ya nyumba yetu, ndiyo maana nasoma kwa Kiswahili, ingawa najua baadhi yenu mkikisikia mnakumbuka wanajeshi na vizuizi vya barabarani.

Miaka hiyo wafungwa waliletwa kambini kupasua kuni na kuchota maji, na kati yao alikuwapo kaka yake Mama Nandutu, aliyefungwa kwa kesi ya ng'ombe. Mama, ambaye ameniruhusu kulisema hili, hakutaka watoto wajue ni yupi, wala hakutaka wamvunjie heshima, kwa hiyo aliwaagiza wawaite wote mjomba. Watoto wengine walipokua waliacha, Night hakuacha.

Alisoma shule ya msingi Mbale kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akaendelea na sekondari huko huko hadi 1993, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1994, alikohitimu shahada ya ustawi wa jamii mwaka 1997. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa afisa wa probesheni, Mbale, na tarehe 1 Julai 2004 akahamishiwa Jinja, ambako alifanya kazi hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia watu waliotiwa hatiani kwa makosa madogo, ambao korti, badala ya kuwapeleka jela, iliwaamuru wafagie, wafyeke majani au wachote maji katika shule na vituo vya afya, wakirudi kulala kwao. Wengi walimwita afande, naye aliwajibu wote namna moja, "Afande alikuwa baba yangu, mimi ni Night."

Mwaka 2011, katika shule moja hapa Mpumudde, mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, alimpa mmoja wa watu hao ovaroli ya njano ili asichafue nguo zake, na watu wa mtaani walipomwona mtu wa makamo aliyevaa njano, rangi ya sare za wafungwa wetu, anatembea barabarani bila askari, wakapiga kelele kwamba mfungwa ametoroka, wakamkimbiza, wakamvunja mkono. Night alifika kwa boda, akapita katikati ya kundi, akamshika mtu yule mkono uliokuwa mzima, akasema, "Mwacheni, huyu ni mjomba wangu." Mmoja akamcheka, "Mjomba gani, madamu? Wewe Mwacholi, yeye Musoga!" Night akamjibu, "Wa upande wa mama," nao wakamwachia. Rashidah, anayeuza chapati pale kona, alisadiki, na kwa miaka mingi akaendelea kuniuliza kama mkono wa mjomba umepona.

Mimi ni mpima ardhi, nilikutana naye mwaka 1998, nikipima mpaka wa kiwanja kilichopakana na kambi, akaja kuniambia kwamba kigingi changu kimeingia katika bustani ya mboga ya mama yake, na ilikuwa kweli. Tulifunga ndoa kanisani, Mbale, tarehe 18 Desemba 1999, tukajaliwa watoto wawili, Shallon Nangobi, aliyezaliwa mwaka 2001, na Norman Otim, aliyezaliwa mwaka 2005, akapewa jina la babu yake.

Ugonjwa wa shinikizo la damu uligunduliwa mwaka 2019, akatumia dawa bila kukosa, hadi Septemba mwaka huu alipozidiwa, akalazwa wiki nzima. Ijumaa moja kabla ya kulazwa, ofisi zikiwa zimeshafungwa, Bruhan, aliyekuwa akitumikia amri ya korti kwa kosa la kuiba betri ya gari, alimjia kumwambia kwamba mama yake anaumwa sana Mbale na hana mwingine wa kumuuguza. Night alimruhusu aende, akampigia simu Sista Namono, msimamizi wa kituo cha afya kimoja huko, akamwomba ampe Bruhan kazi ile ile aliyokuwa akiifanya katika kituo cha afya cha Walukuba, hapa Jinja, akakusudia kuijulisha korti Jumatatu. Jumatatu alikuwa kitandani. Msimamizi wa Walukuba aliandika alichokiona, kwamba mtu haonekani, na kabla Night hajatoka hospitali Bruhan alikuwa ameshaitwa kortini tarehe 13 Oktoba aeleze kwa nini asipelekwe jela kumalizia adhabu yake, wakati ruhusa yake yote ilikuwa neno la mke wangu, ambaye alikusudia kwenda kulieleza mwenyewe siku hiyo.

Jumapili ile, baada ya kukata simu, Night aliinuka kurudisha sahani ndani, akaniambia, "Sam, mkono huu hausikii." Jirani yetu Isa alitupeleka hospitali kwa gari lake, madaktari wakasema ni kiharusi, na saa tatu usiku akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, Isa, ambaye hadi sasa hajakubali tulizungumzie suala la petroli, majirani wa Mpumudde waliolala nasi, maafisa wenzake wa Jinja na Mbale, na askari magereza waliokuja kwa heshima ya baba yake.

Namalizia na asubuhi ya Jumatatu. Wazee walitaka nibaki nyumbani nipokee watu, nikawaomba radhi, nikaenda kortini. Bruhan alikuwa kwenye benchi la nje, amevaa shati la bluu na viatu vya kufunga vilivyokuwa vikubwa kuliko miguu yake, akaniuliza, "Mzee, madamu yuko nyuma?" Nikamwambia. Aliinama akafunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Karani alipotoka kuita majina aliniuliza ninataka nini, nikamwambia nimekuja na huyu, akasema, "Pole, bwana, lakini hapa si mahali pa kila mtu, huyu ni nani wako?" Nikasema ni mjomba wangu. Akamtazama Bruhan, akanitazama mimi na mvi zangu, akauliza, "Mjomba wa upande gani?" Nikamjibu, "Wa upande wa mke wangu," akatufungulia mlango.

Nilimweleza hakimu kwamba afisa aliyemsimamia Bruhan amefariki, nikamweleza ruhusa aliyoitoa na sababu yake, kwa kuwa simu ya Ijumaa ile aliipiga nikiwa nimekaa kando yake. Hakimu aliagiza Sista Namono apigiwe hapo hapo, naye akathibitisha kwamba Bruhan hajakosa hata asubuhi moja, kisha amri ikahamishiwa Mbale.

Mjomba wako amerudi kufagia, Night. Sasa na wewe pumzika kwa amani.