Kiti Kinachomsukuma Karani

Ndani ya basi, mama muuza vitambaa alikuwa katikati ya sala yake ya asubuhi pale mazungumzo ya abiria wawili wa mbele yalipomchomoa mbinguni. Kusikia si dhambi, alijiambia, akafumbua jicho moja.

"Nikiegemea tu, kiti cha ofisini kinanisukuma mbele," karani alimlalamikia fundi viti aliyekaa naye. "Mgongo umekwisha, kaka."

"Nani alikikalia kabla yako?"

"Mhasibu mmoja, pandikizi la mtu."

"Basi springi ya chini imekazwa kwa uzito wake. Wewe mwepesi hivyo, itakurusha tu. Pale chini kuna skrubu kubwa ya kuzungusha kwa mkono. Ilegeze mizunguko minne, utaegemea kama mfalme."

Karani aliguna. "Shida ni kwamba bosi kila akipita ananikuta nimeinama. Anasema hajapata kuona mtu mwenye adabu na bidii kama mimi. Na leo ndiyo anatangaza mkuu wa idara."

"Cheo au uti wa mgongo, ndugu yangu?"

"Nikilegeza mmoja tu?"

"Minne!"

"Mmoja na nusu!"

Basi likasimama. Karani akashuka amejishika kiuno. Mama akafumba macho amalizie sala, ila hakujua amwombee cheo au mgongo.