Kamba Aliyoidai Yoeli Loserian Lesian (1957–2024)

Yoeli Loserian Lesian alizaliwa Olkokola, upande wa magharibi wa Mlima Meru, tarehe 17 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Loserian. Akiwa na miaka kumi alitumwa pamoja na kaka yake kuuza mtamba mnadani Ngaramtoni. Walirudi na fedha yote, lakini baba yao aliuliza jambo moja tu: "Kamba iko wapi?" Kwao ng'ombe akiuzwa, kamba hufunguliwa ikarudi nyumbani, ili baraka ya zizi isiondoke na mnyama. Yoeli alirudishwa mnadani jioni ile ile kuifuata.

Alisoma Shule ya Msingi Olkokola, kisha sekondari mjini Arusha, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya biashara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alikuwa mkaguzi wa hesabu serikalini hadi 2003, alipoungana na rafiki yake Paresh, muuza redio wa Kaloleni, kuanzisha Kampuni ya Simu Meru Vijijini. Paresh alikuwa mwenyekiti, Yoeli mhasibu mkuu. Wakulima na wafugaji walinunua hisa, wengine kwa kuuza mbuzi. Minara minne ilisimama. Ule wa Olkokola ulileta sauti za watoto walioko mbali hadi jikoni kwa mama zao, katika bonde ambalo mtandao mwingine haufiki.

Kuanzia 2015 kampuni ilianza kujiuza vipande vipande: jengo la Kaloleni, magari, kisha minara mitatu. Kila mwaka, kwenye mkutano wa wanahisa, taarifa ya fedha ilionyesha faida, na ukumbi ulipiga makofi. Kila mwaka Yoeli alisimama akaeleza kuwa biashara ya simu yenyewe inapata hasara, na hiyo inayoitwa faida ni bei ya mali iliyouzwa.

"Mwenyekiti, haya si maziwa. Tunamla ng'ombe."

"Bwana Yoeli, wanahisa wamefuata gawio. Hawakuja mnadani," Paresh alimjibu, na ukumbi ukacheka.

Mwaka 2021 ikafika zamu ya mnara wa Olkokola. Marehemu hakupinga uuzwe, hesabu alizijua. Aliomba sharti moja liandikwe kwenye mkataba, kwamba mnunuzi asiuzime. "Uzeni, lakini kamba mnirudishie," alisema. Mnunuzi alisema sharti hilo lingeshusha bei. Kura zikapigwa, sharti likaanguka. Faida ya mwaka huo ilizidi zote zilizotangulia. Miezi sita baadaye mitambo ilishushwa ikapelekwa Moshono, kwenye wateja wengi. Yoeli aliacha kazi, na hakuzungumza na Paresh tena.

Alifunga ndoa na Joyce, muuguzi kutoka Levolosi, tarehe 20 Desemba 1986. Hata baada ya mnara kuzimwa, kila jioni aliichaji simu yake na kuiweka dirishani. "Mama Evelyn, ikilia uniamshe," alikuwa akimwambia. Mkewe alimjibu, "Hiyo italia siku ya kiyama, tutaamka wote."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, alizidiwa. Binti yake Evelyn alikimbia na simu hadi juu ya kilima kutafuta mtandao ili aite gari. Aliporudi, baba yake alikuwa ameshaondoka. Daktari alisema huenda hata kama gari lingewahi, mambo yangekuwa yale yale. Familia imelisikia neno hilo, huenda, na hadi leo haijui ilipeleke wapi.

Habari za msiba zilipelekwa kwa pikipiki, nyumba hadi nyumba. Wako wapendwa wake ambao hawapo hapa leo kwa sababu bado hawajajua, msiwahesabie lawama. Paresh alizipata siku ya tatu, akaja akaketi karibu na mjane.

"Shemeji, siku ile ukumbini na mimi nilimcheka."

"Ungemwambia yeye," Joyce alisema, kisha akamsogezea chai.

Marehemu ameacha mke, Joyce. Watoto watatu, Evelyn, Allen na Solomoni. Na wajukuu wanne. Simu yake ipo dirishani, imejaa chaji.

Bwana ampe pumziko ambalo mikutano ile ilimnyima. Sisi tuliobaki bondeni, kamba bado tunaidai.