Jibini ya Buluu kwa Anayejijua

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Nitajaribu, lakini hasira bado ninayo.

Nilikuwa kwa mzungu mmoja huko Subukia, kazi yangu kutengeneza jibini. Memsab, mke wake, alipenda kualika majirani waonje jibini za ng'ambo: ya Uholanzi, ya Uswisi, na moja ya Ufaransa yenye madoa ya buluu, inanuka kama soksi za askari. Hiyo ndiyo aliipenda kuliko zote.

Siku ya wageni mpishi akaifungua, akaona ukungu, akafikiri imeoza. Nilimwona kwa macho yangu akiziba pua, akawatupia nguruwe. Memsab alipouliza, akaninyooshea kidole: "Huyu mama ndiye amekula."

Ndugu zangu, nawaambia, nilifukuzwa jioni hiyo pamoja na watoto wangu, mvua inanyesha. Jina langu likawa mwizi. Hakuna shamba jirani lililonitaka. Nilichookota jaani ni kile kitambaa jibini ilikuwa imefungiwa, bado kina ukungu wake wa buluu.

Mjane mmoja hapa Nakuru, marehemu bwanake alikuwa wa reli, akatupokea. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Nikakausha tumbo la ndama, nikagandisha maziwa nalo, nikayafunga kwa kitambaa kile kile. Ya kwanza ilioza kweli, tukaizika. Nikajaribu tena na tena, mpaka moja ikatoa madoa ya buluu. Nilipiga magoti pale pale.

Hoteli ya wazungu ikaichukua. Na nani akaja kuonja? Memsab! Akafumba macho, akauliza kama imetoka Ufaransa. Nikatoka jikoni, nilikokuwa nimeleta nyingine: "Hapana, memsab. Ni ya yule mwizi wako." Akanibembeleza nirudi. Nilikataa, na wacha niseme ukweli, nilifurahi sana.

Mama yangu mjane, simama wakuone. Wewe na ng'ombe wako mlinifuta machozi. Mungu awatunze. Na somo langu ni dogo: kitu kikinuka, muulize mwenyewe kabla hujakitupa.

Yule mpishi siku hizi anasali na sisi. Mchungaji anataka nimsamehe. Nitamsamehe, lakini si kabla ya chai. Nimeleta sahani, kila mtu ataonja kipande cha buluu. Jina la mpishi silitaji. Nyinyi angalieni tu nani ataziba pua.