Mtoa Taarifa wa Tatu

Uligeukia dirishani, msomaji, ukajifanya husikii. Basi zima lilisikia.

Binti wa mwaka wa pili chuoni, mwanafunzi wa anthropolojia, alimfungulia daftari mama aliyeketi naye. "Shikamoo, mama. Nina maswali machache tu kuhusu maisha yako."

Mama, mfagizi wa chuo hichohicho, alimjibu kwa kisa chake. Mwaka jana mwanafunzi mwingine alimhoji siku tatu, naye mama akamsimulia hata kifo cha mwanawe. Baadaye, akimwaga taka za idara, aliyakuta maneno yake pipani, kwenye ripoti iliyosahihishwa: yeye ni “mtoa taarifa wa tatu”, alama themanini.

"Tunaficha majina ili kuwalinda, mama."

"Nani aliomba kufichwa? Mwanangu alikuwa na jina. Nililitaja, mwenzako akalifuta. Na hakunisomea hata mstari mmoja."

"Ndivyo tunavyofundishwa."

"Na kunitupa pipani, alikufundisheni nani, mwanangu?"

Binti akafunika kalamu. Basi likasimama getini.

Nawe uliyeandika maneno ya mama huyu katika daftari kama lile, usilikabidhi kwa mhadhiri leo. Mfuate mama wa watu, msomee yote, aseme mwenyewe kipi kibaki. Mfuate sasa hivi, ndiye yule anayeshuka.