Mama Pasi, Aliyesoma Akiwa Amesimama

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1984, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mwashi na mshona nguo. Mama yake husema alichelewa kuongea, lakini alipoanza, nyumba nzima ilikosa utulivu.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1992 hadi 1998, kisha sekondari hadi 2002, akafaulu vizuri. Alitaka kuwa mfamasia. Machi 2003 baba yake alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akafariki. Binti huyo akaweka masomo kando ili wadogo zake wawili wasome. Hakuwahi kuwakumbusha hilo.

Februari 2004 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli, kazi ya kupiga pasi mashuka, na huko ndiko alikopata jina lake. Mwaka 2010 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole asiyejua haraka. Aprili 2012 wakajaliwa binti.

Septemba 2019, wadogo zake wakiwa wameshajitegemea, alijiunga na chuo kikuu. Kilikuwa ghali mno, lakini ndicho pekee kilichofundisha famasia jioni, na bila kazi ya mchana asingekimudu. Basi alipiga pasi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na saa kumi yuko darasani. Siku moja mhadhiri alimkuta amesimama nyuma.

“Mama, viti vimekwisha?”

“Vipo, Mwalimu. Nikikaa nitalala.”

Akaachwa asimame. Nyumbani mumewe alishika daftari na kumuuliza majina ya dawa, akiyatamka vibaya kiasi kwamba marehemu alisema hata mgonjwa angekataa kupona.

Miguu ilianza kuvimba mwishoni mwa 2021. Nduguze waliiona. Walisema ni uchovu, wakamwambia mvumilivu hula mbivu, neno ambalo leo linawachoma. Januari 2023 daktari alimweleza kwamba moyo wake unashindwa kazi, apumzike.

“Nikiacha kazi, chuo kimekwisha,” alimjibu. “Nikiacha chuo, hiyo kazi ni ya nini?”

Mdogo wake wa kike, aliyemsindikiza siku ile, alimsihi njiani aahirishe mwaka mmoja tu.

“Imebaki miezi mitano,” alisema. “Na wewe usimwambie mama.”

Mdogo mtu akanyamaza, kama alivyozoea kumtii dada yake tangu utotoni. Utii huo anaujuta hadi sasa.

Alilazwa tarehe 2 Juni 2023, akiwa amebakiza mtihani mmoja. Mumewe alimpelekea daftari. Alilifungua, akatazama ukurasa mmoja, akamrudishia. “Nisomee wewe,” alisema. Akamsomea, polepole, bila kuchekwa safari hii. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya mtihani, akiwa na umri wa miaka 38. Shahada hakuipata, na familia haitaki jambo hilo lipambwe.

Ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja wa miaka kumi na moja, mdogo wake wa kike ambaye ndiye msomaji wa maneno haya, na mdogo wake wa kiume.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.