Ufa Kati ya Tundu la Tatu na la Nne

Ndugu zangu, ufa ulikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu nililikana kwa wiki kadhaa, kwa sauti ya kusadikisha sana, na nikizungukazunguka kidogo naweza kuanza kulikana tena. Ulikuwepo, niliuona, na niliuziba kwa mkono wangu huu.

Wageni wa kikundi chetu mnisamehe, nirudi nyuma. Mimi ndiye yule mama aliyekuwa akiandika makala za gazetini kuhusu ujasiri wa watu wengine. Nilifundisha ubunifu wa vifaa chuoni pia, mpaka mkataba ukaisha na hakuna aliyenitafuta nisaini mwingine. Nikakodi chumba cha chini kwenye ghorofa moja hapa Gatina, nikaanza kutengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Ndiyo, Kawangware, mahali ambapo wimbi la karibu ni la mtaro ukifurika. Mama wa mitumba, cheka tu, hata mimi nilicheka.

Nilikuwa nimekutana na msichana wa pwani anayefundisha watu kupanda mawimbi. Alilalamika kwamba hubeba mbao tatu kila siku. Chini ya mkia wa ubao huwa kuna mapezi, kama ya samaki, ndiyo yanayouongoza. Pezi moja linafaa wimbi la polepole, matatu wimbi la kawaida, manne wimbi la kasi, na kila ubao aliokuwa nao ulikubali mpangilio mmoja tu. Nikamwambia, kwa ule uhodari wa mtu mwenye shahada mbili na hana kazi, kwamba nitamtengenezea mmoja unaokubali yote.

Nilimtafuta fundi wa vitanda kutoka Makina, mtu wa rika langu, anayepima mbao kwa kuzigonga na kusikiliza. Nikamwonyesha mchoro. Ubao mtupu ndani, wenye mbavu. Mkia mpana, upande wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Na kwenye mkia huo matundu saba ya kuchomeka mapezi.

Aliugeuza juu chini. "Madam, huu ni ubao ama ni filimbi?"

"Ni uvumbuzi."

"Hapa katikati ya tundu na tundu, mbao inabaki karatasi. Toa mawili."

"Nikitoa mawili, mapezi manne hayatakaa pembe ninayotaka."

"Basi bahari ndiyo itatoa," akasema, akaendelea kupiga randa.

Ijumaa moja akaenda msikitini, nami nikachimba tundu la saba peke yangu. Nikasikia tik. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetoka tundu la tatu hadi la nne.

Sasa nawaambia jambo ambalo kila fundi wa Kibera na Kawangware analijua. Mbao ikipasuka, unachukua vumbi la msumeno, unachanganya na gundi, unajaza, unapiga msasa, unapaka vanishi. Kabati lako la nyumbani, mama, lina vumbi mahali. Na kabati halidhuru mtu, linakaa tu pale na vikombe. Nikafanya hivyo hivyo.

Fundi aliporudi alipitisha kidole mkiani. "Hapa pamekuwaje?"

"Wapi?"

"Hapa."

"Hakuna kitu."

Akagonga kwa kifundo cha kidole, akagonga tena pembeni. "Panaitika vingine," akasema. Kisha akaenda kunywa chai. Nikauweka ubao kwenye basi la vifurushi kabla hajaamua kugonga mara ya tatu.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Pezi moja, safi. Matatu, safi kabisa. Halafu msichana akaandika: "Shikamoo mama. Ubao mzuri kweli, ila nikitia mapezi manne unalia."

Nilimwandikia aya tatu kuhusu mtetemo wa mapezi. Kumbe nilisoma chuo kikuu ili niweze kudanganya kwa aya.

Siku chache baadaye: "Haulii tena, unaguna. Na nikiusimamisha, mkiani yatoka maji kidogo." Nikamjibu kwamba ni ya juu tu, aufute.

Ndugu zangu, kuanzia hapo nyufa zilinifuata. Nilikuwa na ufa kwenye kikombe, kwenye sakafu ya chumba, kwenye kioo cha simu, nyufa ambazo zilikuwepo miaka yote lakini sasa ziliniangalia. Simu ikiita naigeuza kifudifudi. Fundi akipiga mbao yoyote, nasikia ile tik. Kisha ukaja ujumbe wa mwisho: Jumamosi bahari itakuwa kubwa, anataka kuvuka mwamba unaokinga ufuo, kwa mapezi manne.

Jumamosi hiyo kikundi chetu kilikutana kule Kambi Muru, na mliokuwepo mnakumbuka, mimi ndiye niliyepangiwa ushuhuda. Nilikuja na hotuba iliyoandikwa na picha ya ubao, niwaeleze nilivyoinuka. Dada anayekaanga mandazi alikuwa amekaa karibu nami.

"Mbona umejikunyata hivyo?"

"Ni baridi."

"Baridi ya saa nane? Hiyo ni ya kwako pekee."

Nikasimama. Nikafungua karatasi, nikaikunja tena. Nikasema tu, "Ule ubao una ufa." Nikaendelea, vumbi, gundi, kila kitu.

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na huyo msichana anajua?"

"Hajui."

"Sasa unatuambia sisi tufanye nini? Si umpigie."

Nilipiga. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikapigia mwenye kibanda cha chai pale ufukweni, akaniambia bila haraka, "Ameshaingia kitambo. Ameupita mwamba, huku hatumuoni."

Mlikaa nami. Hamkunifariji, na kwa hilo nashukuru, sikustahili. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Dada wa mandazi alishika mkoba wangu mapajani kwake, kana kwamba ningekimbia. Asante, dada, ningekimbia. Asante kwa yule mama wa nyuma. Na fundi wa Makina, ambaye hayuko hapa, alikubali kufanya kazi nami tena na hajawahi kusema "nilikuambia," ingawa huigonga kila mbao mbele yangu kwa makusudi. Ubao wa nne uko majini leo. Una matundu matano na gogo zima ndani ya mkia, na unakubali pezi moja, matatu au manne. Yale mapezi manne yamekaa pembe ambayo sikuitaka, na yanaenda vizuri zaidi.

Somo langu ni fupi. Ukiharibu kitu ambacho mwingine atakipanda, mwambie kabla hajakipanda. Najua, kila mtu hapa alilijua hilo bila kwenda chuo.

Naona macho yenu, wageni. Mnataka kujua habari ya msichana.

Simu iliita Jumamosi hiyo, ikikaribia saa kumi. Nikaiweka kwenye spika mbele yenu.

"Mama, ubao umekatika mkia."

"Uko wapi?"

"Mchangani. Nimeogelea sana. Pezi limenichana paja, wanifunga kitambaa." Alikuwa anahema. "Hapa pa kukatika pana vumbi la mbao. Vumbi na gundi, nalishika hapa. Ulijua?"

Nikaisogeza simu karibu.

"Nilijua."

Nilisikia bahari nyuma yake, kubwa, ikifanya kazi yake.

"Ungeniambia, ningetia mapezi matatu nikabaki ndani ya mwamba," akasema. "Ningejua pa kukaa, basi." Akahema tena. "Nitengenezee mwingine. Na kila ulipoharibu, mama, uniandikie hapo hapo juu ya mbao, kwa penseli, nione kabla sijaingia."

Akakata.